Kula kutwa Msasani: tanguliza saa, migahawa baadaye

Wageni wangu wakitaka niwatembeze kula Msasani, hapa Dar es Salaam, huniletea kwanza orodha waliyoiokota mtandaoni. Majina yamejaa, saa haipo hata moja. Sasa supu ya Namanga, mtaa wa vyakula humohumo Msasani, ukiifuata saa tano asubuhi unakuta sufuria linasuguliwa, na mihogo ya ufukwe wa Coco ukiifuata saa hiyohiyo unakuta wauzaji wengi ndio kwanza wanamenya. Kila chakula cha mtaani kina wakati wake. Ukishajua huo, njia ya kupita inajipanga yenyewe.

Ramani pia inasaidia. Msasani ni rasi: magharibi yake ipo ghuba iliyotulia, mashariki yake Bahari ya Hindi yenyewe. Upande wa ghuba palikuwa kijiji cha wavuvi, na hadi leo mashua zinafika. Upande wa bahari ni Oysterbay, ambako Waingereza walijenga nyumba za maofisa wao. Uzunguni hasa, viwanja vikubwa na kuta ndefu. Ndiyo maana unaweza kutembea dakika nyingi Oysterbay usione hata muuza kitumbua, halafu ukifika Namanga harufu tatu zinakupokea kwa pamoja.

Siku nzuri ni Jumamosi. Katikati ya wiki foleni itakula muda wako, na Jumapili baadhi ya mama lishe wanaotegemea watu wa ofisini hawapiki, huku Coco ikifurika familia na muziki wa kila spika. Kama unataka shamrashamra, Jumapili ni yako. Kama unataka kula, hapana. Mchana wa Ramadhani sahau kabisa mpango huu, panga wa futari. Na msiwe zaidi ya watatu, kwa sababu bajaji inabeba abiria watatu, na wanne mtaanza kubishana nani apande bodaboda.

Anza saa moja asubuhi, Namanga. Supu na chapati. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia siku: wanaagiza bakuli kubwa, chapati mbili, na maandazi ya kusindikiza chai. Agizeni bakuli moja mgawane, ndimu na pilipili pembeni, mwondoke bado mnatamani. Hadi saa kumi jioni kanuni yangu ni sahani moja kwa watu wawili, na soda hapana. Soda inajaza tumbo kuliko wali.

Kisha shukeni ufukweni upande wa ghuba, wanakouzia samaki. Wavuvi waliolala baharini hurudi asubuhi, lakini kurudi kwao kunafuata maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hukupwa mbali na mashua zinabaki huko nje, samaki wanabebwa kwa miguu juu ya tope. Angalia jedwali la maji siku moja kabla. Liko kwenye simu. Mkitaka kununua, funua matamvua: yawe mekundu, na macho yawe angavu. Changu ni salama kwa mgeni. Tasi ni mtamu kuliko changu, nitabishana na yeyote, ila miiba yake inahitaji mtu mwenye subira. Kabla hujalipa, ulizia kwa mama lishe kama atakukaangia kwa malipo kidogo. Shikamoo kwanza, bei baadaye. Ukifika na "nataka" za haraka utahudumiwa kwa haraka hiyohiyo.

Chakula cha mchana ni hapohapo Namanga au vichochoro vya jirani, saa saba, si saa nane na nusu wakati mboga zimebaki majani ya juu tu. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, basi. Baada ya hapo msile kitu kwa saa mbili. Kaeni kivulini. Kuna wanaojaribu kupachika safari ya kisiwa cha Bongoyo katikati, kwa kuwa boti zinaondokea Slipway, eneo la maduka na migahawa kando ya ghuba. Kisiwa ni kizuri na samaki wa kuchoma wapo, lakini kitakula siku yenu nzima.

Saa kumi vukeni rasi kwenda Coco. Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa 2022, watu wa Upanga na Posta wanatua pale moja kwa moja, kwa hiyo wengi wanaanzia huko mchana kweupe na jua la utosi. Subirini. Alasiri jua liko nyuma yenu, mchanga umepoa, na mihogo inatoka kwenye mafuta ikiwa moto. Chagua muuzaji mwenye foleni, mwombe mihogo iliyokaangwa sasa hivi na siyo iliyopashwa, kachumbari nyingi, chachandu kidogo hadi uijue. Dafu moja la kushushia. Mishikaki iacheni kwanza. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo unapiga ufukwe huu usoni na mchanga unaingia kwenye sahani, basi kaeni nyuma ya kibanda au mle mkiwa mmesimama.

Usingoje machweo Coco; pale jua linachomoza, halizami baharini. Saa kumi na mbili kasoro chukueni bajaji mrudi upande wa ghuba. Pale Slipway kinywaji ni ghali kidogo, lakini kimoja tu kinatosha kukupa kiti mbele ya maji wakati jua linashuka. Chakula cha pale sikizingatii katika mpango huu, si kwa ubaya, ni kwamba tumbo lina nafasi moja iliyobaki na nimeshaiwekea jina.

Nafasi hiyo ni ya usiku, Namanga tena: mishikaki, na meza ya pweza yenye taa. Pweza anakatwa vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya, unashushia kikombe cha supu yake. Muuzaji atakueleza supu hiyo inamfanyia nini mwanaume. Msikilize kwa adabu, mwambie aongeze ndimu. Hesabuni vijiti vyenu, maana ndivyo anavyohesabia bili. Noti ndogondogo muwe nazo tangu asubuhi, kwa kuwa si kila meza ina lipa namba ya kulipia kwa simu, na bajaji ya kurudi patana bei kabla hujakaa.