Kundi dhaifu la nyuki kabla ya kaskazi: punguza nafasi kwanza, sukari baadaye

Vitabu vingi vya ufugaji nyuki vimeandikwa Ulaya na Marekani. Humo kundi dhaifu huandaliwa kwa ajili ya baridi: linatibiwa, linalishwa, kisha linaachwa lijikunyate mpaka majira yageuke. Malindi njaa ya nyuki huja na kaskazi, jua kali la Januari hadi masika yashike, halafu hurudi kidogo Mei mvua ikinyesha kutwa na nyuki wakashindwa kutoka. Tena kundi la kule likiishiwa hufia ndani ya mzinga. Hawa wetu wa pwani, wadogo wenye manjano, huhama. Unafungua unakuta masega matupu na utando wa nondo.

Kazi ianze Desemba, vuli ikishapita. Fungua mzinga alasiri jua likipoa, kwa moshi wa makumbi makavu ya nazi, na uhesabu masega yaliyofunikwa na nyuki pande zote mbili. Sita au zaidi, funga uondoke. Matatu hadi matano, kundi linahitaji msaada. Chini ya matatu, usipoteze sukari, liunganishe na jingine.

Kisha tafuta mayai. Jua liwe nyuma ya bega lako, sega ulishike wima (sega jipya likilazwa kwenye joto hili hukatika), utazame chini kabisa ya vitundu. Yai moja moja katikati ya kila kitundu, malkia yupo na anafanya kazi. Mayai mawili matatu yamebandikwa ukutani, na majana (watoto wa nyuki) ya madume yametokeza kama risasi kwenye vitundu vya vibarua, malkia hayupo na vibarua ndio wanaotaga. Kundi hilo halilishwi. Hali ya tatu ndiyo wengi hawaitambui: malkia yupo, majana yaliyofunikwa yapo, lakini hakuna yai wala jana changa, na asali inapungua. Hao wanafunga mizigo. Wanangoja majana ya mwisho yatoke, na kitundu kikishafunikwa kibarua hutoka baada ya siku kumi na moja hivi, kwa hiyo muda wako ni huo. Dawa yake ni kuwapa sega moja lenye majana machanga kutoka mzinga wenye nguvu, nyuki wake wakiwa wamepanguswa. Nyuki huwa wazito kuyaacha majana machanga. Jioni hiyo hiyo waanze kulishwa.

Sasa nafasi. Mzinga wa pau wenye pau ishirini na kitu ni nyumba kubwa mno kwa nyuki wa masega manne. Kona wasizozilinda zinachukuliwa na nondo wa nta na wale mbawakawa wadogo weusi, ambao funza wao wanaigeuza asali uji unaonuka kama machungwa yaliyooza. Ondoa kila sega lisilofunikwa na nyuki. Yale meusi yayeyushe siku hiyo hiyo, maana sega jeusi likiachwa bandani wiki mbili ni kiota cha nondo. Sogeza ubao wa kugawa hadi libaki sega moja tu la ziada, na ubao uguse kuta barabara. Kwenye Langstroth, mzinga wa masanduku yaliyopandana, toa sanduku la juu. Mlango uzibe ubaki upana wa vidole viwili, ili walinzi wachache waumudu. Anayelisha kabla ya kufanya haya anawalisha mbawakawa, na anawaita nyuki wezi kutoka mizinga ya jirani.

Maji ya sukari ni kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji. Pasha maji, epua, ndipo utie sukari na ukoroge. Usiichemshe pamoja, kwani sukari iliyoungua huwaharisha nyuki. Sukari guru ni vivyo hivyo. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, basi tumia maji ya mvua au ya mfereji. Asali ya kununua usiwape hata ikiwa rahisi, hujui imetoka mzinga wenye ugonjwa gani. Ule mchanganyiko mzito wa kilo mbili kwa lita ni wa kujaza ghala la baridi. Hapa tunataka malkia aendelee kutaga, na mwepesi ndio unaomchochea.

Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki matundu sita kwa msumari mwembamba, ipindue juu ya vijiti viwili nyuma ya ubao wa kugawa, na uache upenyo mdogo chini ya ubao wapite. Nusu lita kila baada ya jioni moja, baada ya magharibi, kwa wiki mbili au tatu. Ikibaki asubuhi, punguza kipimo. Kwa joto la Malindi huchacha siku ya pili, na kilichochacha humwagwa mbali na mizinga. Chavua isikusumbue, mnazi hutoa maua mwaka mzima. Ila angalia kama mgema yuko karibu: nyuki wengi huzama kwenye vibuyu vya tembo, hasa wenye njaa.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, na siafu humaliza kundi dhaifu kwa usiku mmoja. Ninginiza mzinga kwa waya, paka waya grisi, irudie vumbi likiiziba, na ukate kila tawi la mwembe au mkorosho linalogusa mzinga. Juu ya mabati weka makuti, nafasi ya kiganja ibaki kati yake. Beseni la maji yenye vijiti liwe kivulini.

Kuhusu varoa, utitiri wa nyuki aliyeripotiwa Kenya tangu 2009, usikimbilie dawa. Tindikali ya oksali hufanya kazi vizuri Ulaya wakati wa baridi kwa sababu mzinga hauna majana. Hapa majana yapo karibu mwaka mzima, na utitiri uliojificha chini ya vifuniko haufikiwi na tindikali hiyo. Pima kwanza: nyuki nusu kikombe, kama mia tatu, kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, vijiko viwili vya sukari ya unga, tikisa dakika moja, kung'uta juu ya sahani nyeupe, uhesabu utitiri walioanguka. Hakikisha malkia hayumo. Nyuki wetu hujisafisha wenyewe, na mara nyingi utahesabu utitiri wachache tu. Wakizidi tisa, mwondoe malkia wa kundi hilo na uweke wa kundi linalostahimili.

Acha kulisha mara uonapo nyuki wakiingia na mbochi (maji matamu ya maua) na nta mpya nyeupe ikijengwa. Pau zilizojazwa wakati wa kulisha zitie alama ya kalamu juu, zibaki kwa nyuki. Mteja aliyeizoea asali ya mchu, mti wa mikokoni, ataijua ya sukari kwa tone moja.