Mbwa Hatulii Usiku: Daktari wa Mifugo Anajibu

Wiki hizi mbili meseji nyingi zimekuja na kilio kimoja, cha mbwa na cha mwenye mbwa. Nimechagua sita.

Daktari shikamoo. Nimepewa mtoto wa mbwa wa wiki sita. Mchana anacheza vizuri, ila nikimfungia jikoni usiku analia mpaka alfajiri. Mume wangu anasema nimwache atazoea. Nimwache? (Mama, Kibaha)

Marahaba. Huyo ametolewa kwa mama yake mapema mno. Angalau angefika wiki nane. Juzi alikuwa amelala katikati ya ndugu zake, wote wamerundikana wanapashana joto, na leo yuko peke yake kwenye sakafu ya saruji, gizani. Wewe ungenyamaza?

Mtoe jikoni. Chukua boksi gumu, tandika matambara, uliweke karibu na unapolala. Kama dini au utaratibu wa nyumba hauruhusu mbwa chumbani, liweke koridoni ambako atawasikia mkipumua. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kwenye taulo humsaidia sana, na kama unaweza kurudi ulikomchukua ukaomba tambara lenye harufu ya mama yake, nenda kaliombe.

Halafu kuna mkojo. Kwa makadirio, chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia. Wako hafikishi hata saa tatu. Akilia saa nane usiku huenda anaomba kutoka: mtoe bila mazungumzo wala michezo, amalize, mrudishe kwenye boksi. Hapo ndipo mumeo ana haki kidogo, kwa sababu ukimchezea kila anapoita atakugeuza mhudumu wa hoteli.

Mwangalie na tumbo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo ya mama, na tumbo lililojaa kama ngoma halimwachi mtu alale. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu. Kama hajapewa hata mara moja, anza wiki hii.

Nina dume la ulinzi, miaka mitatu. Mchana namfunga mnyororo, usiku namwachia. Siku nne hizi anazunguka uzio akilialia, anachimba chini ya geti, chakula anakionja tu. Majirani wanasema amerogwa. (Kijana, Arusha)

Mdogo wangu, hajarogwa, ametamani. Kuna jike lililo kwenye joto mtaani kwenu. Jike hupata joto takriban kila baada ya miezi sita, na hali hiyo huchukua kama wiki tatu, kwa hiyo bado una siku kadhaa za kukesha. Ziba chini ya geti kwa mawe leo. Ukitaka yaishe kabisa, mhasi. Atabaki mlinzi yuleyule, usiwasikilize wanaosema atakuwa mzembe.

Ila hilo la chakula lisipite hivihivi. Mlaze chini umkague kwa tochi: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukikuta kupe wengi, tazama fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mkojo umekuwa mwekundu, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe na anahitaji daktari kesho asubuhi, mapenzi yasubiri. Tazama nyayo pia. Nimeshaitiwa mbwa "mwenye mashetani" nikamtoa funza kumi na moja kwenye miguu.

Na mnyororo huo. Mbwa aliyelala juani kwa muda wa saa kumi na mbili, usiku ana nguvu zote za siku nzima na hajui azipeleke wapi. Mtembeze nusu saa alfajiri na nusu saa jioni kabla hujamwachia, uone tofauti.

Mbwa wetu mzee, miaka kumi na miwili, ananung'unika akilala na anainuka kwa shida. Nimpe nusu kidonge cha diklofenaki? Shemeji anasema gongo kidogo inatosha. (Msomaji, Morogoro)

Usimpe hata kimoja. Diklofenaki na ibuprofeni huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na shemeji gongo lake alinywe mwenyewe. Huyo anaumwa viungo. Mtandikie godoro nene mahali pasipo na upepo, kisha mpeleke kliniki ya mifugo. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Bibi anasema mbwa akilia kwa sauti ndefu usiku, kuna msiba unakuja. Kweli? (Mwanafunzi, Tanga)

Simpingi bibi mbele ya wajukuu. Ila mbwa husikia sauti nyembamba sana ambazo masikio yetu hayazifikii, na sauti ile ndefu ni ya kuitana: mmoja akianza huku, wa mtaa wa pili anaitikia. Tena fikiria nyumba yenye mgonjwa mahututi. Taa zinawaka usiku kucha, watu wanaingia na kutoka, wengine wanalia chumbani. Mbwa atatulia vipi? Msiba ukitokea tunakumbuka alilia, lakini zile siku mia alizolia watu wakaamka salama hakuna anayezihesabu.

Mbwa wetu mpole amebadilika. Siku mbili halali, sauti imekuwa ya kukwama, anatafuna mawe, mate yanamtoka. Mwanangu alitaka kuingiza mkono amtoe mfupa kooni. (Baba, Dodoma)

Wewe tulishaongea kwa simu. Hapa nawaandikia wengine.

Mtu yeyote asitie mkono mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo. Mchukulieni kuwa ana kichaa cha mbwa hadi wataalamu waseme vingine. Mfungieni bila kumgusa, mwiteni ofisa mifugo. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Akingoja dalili amechelewa, kwani zikishaanza ni karibu kila mtu hufa. Mbwa akifa msimzike kimyakimya, kichwa chake kinatakiwa maabara.

Jike wangu ana mimba. Nitajuaje kama kuhangaika kwake usiku ni uchungu? (Dada, Mombasa)

Hesabu siku, mimba huchukua takriban 63. Akikaribia atachimbachimba, atararua magunia, atakataa chakula, na joto la mwili litashuka chini ya nyuzi 37.8, basi ndani ya siku moja hivi atazaa. Mpe kona kavu yenye giza na uwafukuze watazamaji. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na zaidi bila kitu kutoka, piga simu kwa daktari, hata ikiwa ni saa tisa usiku. Tumezoea.