Mpwa wangu alipokataa kusalisha rozari

Mama yangu alifariki mwaka juzi, na msiba tukauweka kwa dada yangu Tabata. Jioni ya pili wanajumuiya walikuja kusali rozari. Turubai lilijaa, waliokosa viti wakakaa kwenye mikeka mpaka mlangoni kwa jirani. Mwenyekiti wa jumuiya, kwa heshima ya marehemu, akataka kila fumbo lisalishwe na mjukuu wake. Fumbo la tatu likamwangukia mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni na ambaye utotoni alikuwa mtumikiaji altareni. Akaipokea rozari, akaikunja kiganjani, kisha akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Samahani sana, mzee. Siamini tena. Nikisalisha nitakuwa namdanganya bibi."

Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba uhai ulianza wenyewe, kemikali zikakutana majini, na hakuna aliyepuliza pumzi puani mwa mtu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mwaka wa ishirini na moja sasa. Na nilimjibu kwa swali ambalo nimelisikia vijiweni na mimbarini maisha yangu yote: "Kama binadamu alitoka kwa nyani, mbona nyani wa Mikumi hawageuki watu?"

Jibu la swali hilo nalifundisha kila mwaka kidato cha nne. Hakuna mwanasayansi anayesema tulizaliwa na nyani hawa tunaowaona barabarani. Sisi na wao tuna mzazi mmoja wa kale, kila ukoo ukashika njia yake. Ni sawa na kumuuliza mtu mbona binamu yake hakumzaa. Nilijua, na bado nikalisema, kwa kuwa nilitaka kushinda mbele ya maiti ya mama yangu.

Mpwa akanitazama. "Mjomba, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba hiyo si hoja."

Tangu siku ile, wazazi kadhaa wamenijia na habari kama hiyo: mtoto amerudi kutoka shule ya bweni au chuo, anasema hakuna Mungu, na mlango alioingilia ni huu wa asili ya uhai. Kitu cha kwanza ninachowaambia ndicho nilichokosea mimi. Usimtetee Mungu kwa hoja unayojua ni mbovu. Kijana akikukamata unadanganya kwenye jambo la nyani, ambalo anaweza kulihakiki kwa simu yake ndani ya dakika mbili, atakuamini vipi ukimwambia habari za ufufuko, ambazo hawezi kuzihakiki?

Halafu, tenganisha maswali. Wengi wetu, waamini kwa wasioamini, tunayatia chungu kimoja.

Kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, hilo tunaliishi hapa hapa Dar. Wenye umri wangu mnakumbuka klorokwini, uchungu wake na miwasho yake. Mwaka 2001 serikali iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria ikaingia dawa iitwayo SP, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Sababu ni kwamba vimelea vilivyostahimili dawa vilibaki na kuzaana, vilivyo dhaifu vikafa. Au chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inayotesa watoto wengi sana katika nchi yetu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho hakikupotea penye mbu. Sijamwona Mkristo wala Mwislamu aliyekataa dawa mseto kwa kuwa inakubaliana na mageuko ya viumbe.

Uhai wa kwanza ulitoka wapi? Hilo ni swali jingine kabisa, na hapa kila upande hujidai zaidi ya ulichonacho. Kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859, kilichoeleza mageuko ya viumbe, hakikulijibu. Mwaka 1871 alimwandikia rafiki yake barua akikisia habari ya kidimbwi kidogo chenye uvuguvugu, ikaishia kwenye kukisia. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, miaka ya 1860, alikwisha onyesha kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa na vumbi la hewani hauoti vijidudu wenyewe. Ndipo mwaka 1953 mwanafunzi wa Chicago, Stanley Miller, akiwa chini ya profesa wake Harold Urey, akachapisha jaribio lake: mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni ndani ya vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme kuigiza radi. Baada ya siku chache maji yaligeuka rangi, na ndani yake zilipatikana asidi za amino, ambazo ndizo tofali za protini. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, nacho kikakutwa na asidi za amino kutoka huko angani.

Tofali zinapatikana, basi. Lakini kutoka kwenye rundo la tofali hadi nyumba yenye watu ni safari. Mpaka leo hakuna maabara iliyochukua kemikali tupu ikatoa seli inayojilisha na kuzaa.

Nikifika hapo darasani, huwaona wanafunzi wenye imani wakitabasamu: hapo sasa ndipo alipo Mungu! Nawaomba wasimweke hapo. Mungu ukimpangisha kwenye chumba ambacho sayansi haijakifungua, siku kikifunguliwa utamhamishia wapi? Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alilijua hili mapema. Yeye ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kimoja kidogo mno. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, padre hakufurahia. Alitaka fizikia ibaki fizikia. Papa huyohuyo mwaka 1950 alikuwa ameruhusu wasomi wachunguze mageuko ya mwili wa binadamu, na mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili akasema jambo hilo limekuwa zaidi ya dhana tu. Wakatoliki wenzangu wengi hawajawahi kuambiwa haya kanisani, na nasikitika.

Na wewe kijana usiyeamini, "hatujui bado" haina maana ya "imethibitishwa hakuna Mungu". Vyombo vya Miller vilitengenezwa kupima kemia. Swali la kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu halikuingizwa ndani ya vile vioo, kwa hiyo usiseme lilitoka na jibu.

Nyumbani kwa dada mambo yalikuwa magumu kuliko nadharia. Mjomba mmoja alitaka mtoto akatiwe ada. Mama mdogo akaita watu wa maombezi bila kumwambia, kijana akarudi jioni akakuta sebule imejaa watu wanaokemea. Alihama siku nne, na dada yangu hakulala siku nne. Jamani, msifanye hivi. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa mtu uhuru wa imani na wa kuibadili, lakini hata bila Katiba, mtoto anayekemewa kama jini hujifunza kuficha tu. Suala kama hili usiliweke kwenye grupu la ukoo. Kijana atafutwe pembeni, na mtu mmoja anayemwamini.

Mimi nilimtafuta wiki mbili baada ya mazishi. Tulipanda daladala mpaka Posta, tukatembea hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Tulisimama mbele ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamaa ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959 wakati mumewe Louis, mtoto wa wamisionari, amelala kambini na homa. Lina umri wa karibu miaka milioni 1.75. Utosini kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama upanga wa jogoo, palipojishika misuli ya taya. Mpwa alisogeza kidole kwenye kioo usawa wa magego, kisha akajipapasa gego lake. Nikamweleza kwamba huyu hahesabiwi kuwa babu yetu. Ukoo wake ulikatika.

Pale nikamwomba radhi kwa lile swali la nyani. Nikamuuliza pia kama ni kifo cha bibi kilichomkatisha tamaa, maana alimwombea sana.

"Mjomba, usinitafutie kidonda," akasema. "Nilisoma, nikafikiri, nikaona sishawishiki. Ni hivyo tu."

Nilikuwa nimekwisha jiandalia maneno ya kumfariji. Ikabidi niyameze, nimsikilize kama mtu mzima mwenye sababu zake. Nami nikamwambia zangu: kwamba nikisoma jinsi seli inavyojinakili moyo wangu unainama, na kwamba huko kuinama sikuiti ushahidi.

Haamini mpaka leo, nami naamini. Kwenye arobaini ya mama alikuja alfajiri kufunga turubai na kupanga viti, na rozari ilipoanza alisimama nyuma kimya, mikono mbele. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe usiku: "Mjomba, alfabeti ya vinasaba vya mchicha na vyetu ni moja. Wewe hapo unaona mkono wa Mungu. Mimi naona ukoo mmoja. Ni lazima iwe kimojawapo?"

Nikamwandikia aje Jumamosi. Alikuja na daftari.