Maswali na Majibu: Pomboo wa Kusi na wa Kaskazi

Maalim, Kaskazi tunawaona pomboo kila mara tukielekea Manda. Kusi ikiingia wanapotea. Huhamia wapi? (Msomaji, Mokowe)

Ndugu yangu, usiharakishe kusema wamehama. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo wa kusi ukivuma, bahari huchafuka, mashua nyingi hazitoki, na pezi la pomboo kwenye mawimbi yenye povu hulioni hata akipita ubavuni. Upepo wa kaskazi ukiingia na bahari ikatulia, macho huwa mengi majini. Yule pomboo mwenye nundu mgongoni ni wa maji mafupi, yasiyofika kina cha mita 25 kwa kawaida: mikondoni, midomo ya mito, ukingoni mwa mikoko. Hufuata samaki, na samaki hufuata maji kujaa na kupwa. Ukiweka daftari la pomboo, andika pia siku ulizotoka usiwaone, na siku ambazo hukutoka kabisa. Bila hizo, daftari litakuonyesha upepo tu.

Bandari mpya ya Lamu imewafukuza? (Shela)

Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, baada ya bahari kuchimbwa. Pomboo huwinda kwa kutoa mlio na kusikiliza mwangwi wake. Mama na mtoto huitana kwa miluzi. Ngurumo za injini huvimeza vyote viwili. Boti za kasi zipunguze mwendo ndani ya mkondo, hilo linawezekana leo.

Akinasa jarifeni nifanyeje? (Mvuvi, Faza)

Asante kwa kuuliza, maana jarife, wavu huu wa kutega, linaniuma kuliko bandari. Pomboo hupumua kwa mapafu, akizuiwa chini hufa maji. Pua yake ni tundu la utosini: liinue juu ya maji kwanza, ndipo ukate nyuzi. Usimvute mkia wala mapezi, utamtegua. Akiwa amekufa, wape taarifa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda, nyama yake si kitoweo. Pomboo wa nundu yuko hatarini kutoweka. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, kwa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Tafadhali, jarife lisilale mkondoni usiku kucha bila mtu.

Agosti tuliona wakubwa mno wakiruka nje ya miamba. Ni pomboo? (Malindi)

Hao ni nyangumi wa nundu, hutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa huku, Julai hadi Oktoba hivi. Msiwazingire.