Serikali inafungwaje, kama duka?

SWALI: Shikamoo dada. Mi mpagazi hapa Moshi, Oktoba 2025 mgeni wetu Mmarekani akaghairi kupanda mlima, eti serikali yao imefungwa hajalipwa mshahara. Alitupiga fiksi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wala hajadanganya. Kule Bunge lisipopitisha bajeti kabla ya Oktoba 1 ofisi nyingi zinakosa ruhusa ya kutumia hela, basi wengine wanarudishwa home, wengine kama waongoza ndege wanapiga kazi bila mshahara (we ungekubali?). Mara ile serikali ilifungwa siku 43, mpaka hela za chakula za watu wa kipato cha chini zikachelewa Novemba, mama yuko kaunta na mkate mkononi, kadi ya hizo hela haina kitu. Wafanyakazi wa serikali hulipwa baadaye, ila mfagiaji wa kampuni ya tenda mara nyingi halipwi. Na tipu yako ndo imeenda hivyo, pole.