Mwanangu, fuateni maji

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jioni nikiwa barazani, nikaurudia mara mbili. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mna siku kumi za likizo mwezi wa nane, watoto wanataka bahari, baba yao anataka kuona mashamba ya zabibu: je, mnaweza kuyapata yote kwa gari kutoka Arusha, bila kupanda ndege kwenda Cape Town kama wenzenu wa kazini? La pili umeliandika mwishoni kabisa, kama vile uliogopa kuliuliza: kwa nini mimi na baba yako hatukuimaliza ile safari ya Pangani.

Nianze na hilo la pili, maana la kwanza limo ndani yake.

Mwaka 1996 tulikuacha kwa bibi yako Kibosho, una miaka mitatu. Baba yako aliazima pikapu ya kaka yake. Nia yake ilikuwa moja tu, kuufuata mto. Alikua akioga mto Karanga, na shuleni akafundishwa kwamba maji yale hayapotei. Karanga inaingia Weruweru, Weruweru inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani hadi baharini. Alitaka ayaone maji ya kwao yakiingia chumvini, kisha tuvuke ng'ambo ya Bweni tushuke na pwani hadi Bagamoyo. Tulifika Pangani siku ya tatu, tukakuta pantoni ni mbovu. Tukaambiwa kesho. Kesho yake tukaambiwa kesho. Hela ya mafuta ilipobaki ya kuturudisha tu, tukageuza. Hakusema neno mpaka Muheza. Kila mwaka baada ya hapo alisema mwakani, hadi Mungu alipomwita. Hakuna siri nyingine, mwanangu.

Sasa la safari yenu. Njia ipo, na inapita mlangoni kwangu.

Tokeni Arusha alfajiri mje mnywe chai hapa. Moshi hadi Same ni kama kilomita 100, milima ya Upare ikiwa kushoto kwenu, na kulia nyika inayotelemka kuelekea mtoni. Same na Hedaru msikawie, ni joto na vumbi. Lakini mkianza kuona mkonge, mpunguze mwendo muwaonyeshe watoto. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Mkonge wa nchi hii ulianzia kwenye miche hiyo 62. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Mombo 1905, na Moshi kwetu 1911. Mtaiona ikiambatana na barabara sehemu nyingi.

Mombo watu wote wanashuka, wanakula, wanaondoka. Ninyi kateni kushoto mpande mlima. Barabara ya kwenda Lushoto ni nyembamba na ina kona nyingi, kwa hiyo mpande mchana. Soni kuna maporomoko ya maji, na wakina mama wanauza pea na matunda damu kando ya njia. Karibu na hapo, Sakharani, watawa wa Kibenediktini wana shamba lao: wanalima makadamia na wanatengeneza mvinyo. Mkwe wangu aanzie hapo. Ila mwambie mama kasema dereva haonji mpaka gari limeegeshwa la usiku. Watoto wabebe masweta, mwezi wa nane Usambara ni baridi kuliko hapa.

Mkishuka, mto unawarudia. Pale Hale maji yetu yanazungusha mitambo ya umeme, na chini yake kuna kituo kingine cha megawati 68. Baba yako alisimamisha gari akasema, tazama, maji ya Karanga yanawasha taa za watu. Muheza nunueni machungwa. Tanga mjini laleni usiku mmoja, asubuhi muingie mapango ya Amboni, halafu mshike njia ya Pangani. Katikati hapo kuna Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi yenye minara, ya karne nyingi nyuma. Ni mahali pa kunyamaza, basi wafundisheni watoto wasikimbie juu ya makaburi.

Pangani ndiyo ninayowaomba mkae. Siku tatu, si usiku mmoja. Najua mtatazama ramani mtaona ni mji mdogo, mtadhani ni wa kupita. Mimi nilikaa pale siku mbili bila kupenda, nikingoja pantoni, na siku zile mbili nazikumbuka kuliko sherehe nyingi. Mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, na ukifika mdomoni unaona kabisa mstari ambapo udongo wetu unakutana na buluu. Minazi inainamia maji. Nyumba za zamani zenye milango ya nakshi zinabomoka polepole, jambo linaloniuma, maana mji huu ulikuwa na mambo mazito. Biashara ya watumwa na pembe ilipita hapo. Hapo pia, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga. Wajukuu zangu walijue jina hilo wakiwa wamesimama palepale, wasilisubiri kwenye mtihani.

Kutoka Pangani au Ushongo, kijiji cha pwani hapo jirani, mtapata mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Zamani kisiwa kile kilikuwa na mivinje, ikaisha yote kwa bahari kukila, sasa ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kwa hiyo msijipangie saa wenyewe, muulizeni nahodha, yeye ndiye anayejua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mwezi wa nane kusi bado inavuma; akisema leo bahari si nzuri, mkubali. Ushongo huwa wanayahifadhi mayai ya kasa, wanayahamisha kutoka Maziwe ili yasizamishwe. Mkibahatika watoto wataona vifaranga vikikimbilia maji.

Halafu vukeni. Kuna mradi wa kuweka lami pwani yote kutoka Tanga hadi Bagamoyo, na wa daraja la mita 525 juu ya mto. Ulizeni Tanga mjini hali ikoje kabla ya kuondoka. Ng'ambo mtapita Saadani, mbuga inayogusa bahari, kisha Bagamoyo. Huko ingieni misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza hapo 1868, na wenzao wa shirika hilo ndio waliofika Kilema 1890, na kahawa ikaingia mlimani kwetu kupitia kwao. Ada yangu ya shule ililipwa na kahawa hiyo, na yako kwa sehemu.

Zabibu sasa. Kutoka Bagamoyo mtapita Msata, Chalinze, Morogoro, mfike Dodoma. Ni mwendo mrefu, gawanyeni. Dodoma mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe anaupogoa ndipo unachipua upya. Mavuno ya pili huanguka mwezi wa nane na wa tisa, kwa hiyo mmechagua vizuri. Nendeni Hombolo au Bihawana mkaone mashamba ya wakulima wa kawaida, wenye ekari moja au mbili, na mnunue kwao. Mvinyo mtamu mwekundu wa huko baadhi ya watu wanaubeza. Mimi naupenda, una jua ndani yake. Na mtu aliyelelewa na mama aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi, anajua kazi iliyomo katika kinywaji chochote kinachochachushwa kwa mikono.

Kurudi ni Kondoa, Babati, Arusha, lami tupu. Kolo simameni mwone michoro ya miambani.

Mwanangu, umeandika kwamba ningependa kubaki nipumzike, gari lina nafasi lakini mnaogopa kunichosha. Magoti yangu ni mazima. Safari ile baba yako ndiye aliyeendesha, kwa hiyo alikaa kulia, upande wa mto, nami nikatazama milima ya Upare na Usambara njia nzima. Nyuma ya dereva, dirishani, hapo ndipo nataka nikae. Begi nitakuwa nimelifunga.

Mama yako