Maswali ya Wasomaji: Vitanda Viwili, Uraia Pacha na "Mbili" za Kiingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Unguja. Mwezi uliopita kaka na dada walipiga simu wakaomba chumba kimoja chenye vitanda viwili, nami kwa kuwa walikuwa wawili nikaandika kitabuni "double room". Mwenzangu wa zamu ya usiku akawapeleka kwenye chumba chenye kitanda kimoja kikubwa. Waliona haya sana, na usiku ule hatukuwa na chumba kingine. Nimeambiwa kwamba ningeandika "twin". Naomba unifafanulie tofauti ya "double", "twin", "dual", "pair" na "couple", maana kamusi niliyo nayo inayaeleza yote kwa neno "mbili".

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa fedheha iliyowapata wewe na wageni wako. Kosa hili wanalifanya hata waliosoma Kiingereza miaka mingi, na chanzo chake ni hiyo kamusi zaidi kuliko wewe. Kwa idadi peke yake, Kiingereza kina neno "two", na mara nyingi hilo ndilo neno salama: ungeandika "two beds", mwenzako asingekosea. Maneno mengine uliyoyataja yanaeleza vitu viwili vinahusianaje, na hapo ndipo pa kutazama kabla ya kuchagua.

"Double", lenye asili ya Kilatini na lililopitia Kifaransa, humaanisha kitu au kiasi kilichoongezwa mara mbili, yaani maradufu. "Double the price" ni bei maradufu. Vivyo hivyo "double bed" ni kitanda kimoja ambacho upana wake umekusudiwa watu wawili. Neno linapima kitanda, halihesabu vitanda. "Twin" ni neno la asili ya Kiingereza chenyewe, nalo hutaja vitu viwili kamili, vinavyofanana, kila kimoja kikijitegemea. Ndiyo maana "twin room" ina vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, na ndege yenye injini mbili huitwa "twin-engine". Zingatia pia kwamba "a twin" ni mtoto mmoja kati ya mapacha, kwa hiyo mama aliyejifungua mapacha "had twins", kwa wingi.

Ugumu unaanza pale Kiswahili kinapotumia pacha mahali ambapo Kiingereza hakitumii "twin". Mfano mkubwa ni uraia pacha, ambao umejadiliwa Tanzania kwa miaka mingi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki na uraia wake hata akipata wa nchi nyingine, ilhali Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kufanya hivyo. Anayetafsiri mjadala huu neno kwa neno ataandika "twin citizenship", na msomaji wa Kiingereza atashangaa, kwa sababu neno linalotumika ni "dual". Mtu ni yule yule mmoja, ila ana nafasi mbili za kisheria kwa wakati mmoja. Na hiyo ndiyo kazi ya "dual", kueleza kitu kimoja chenye pande, nafasi au kazi mbili. Simu ya laini mbili ni "dual SIM". Barabara yenye njia za kwenda na za kurudi zilizotenganishwa katikati huitwa Uingereza "dual carriageway", ingawa mitaani kwetu utasikia "double road". Naipenda sana tafsiri yetu ya uraia pacha, kwa kuwa inaeleweka na kila mtu bila maelezo, lakini haivuki mpaka kurudi kwenye Kiingereza.

"Pair" ni jozi, au pea kama tunavyosema dukani: viatu, soksi, hereni, vitu ambavyo kimoja bila mwenzake hakikamiliki. Angalizo moja ni kwamba neno hili hutumika pia kwa kitu kimoja chenye sehemu mbili zilizoungana, hivyo "a pair of trousers" ni suruali moja na "a pair of scissors" ni mkasi mmoja. Fundi cherehani anayepokea oda ya "two pairs of trousers" anatakiwa kushona suruali mbili, si nne.

"Couple" linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiungo, na likitajwa kwa watu humaanisha wanandoa au wapenzi. Usilitumie kamwe kwa kaka na dada. Hata hivyo "a couple of nights" haina mapenzi ndani yake, wala si lazima ziwe mbili kamili, kwani katika mazungumzo hukaribia sana usemi wetu wa siku mbili tatu. Mgeni akikujibu hivyo, mwulize tarehe ya kuondoka ndipo uandike.

Kiswahili nacho kina mabaki ya uwili kutoka Kiarabu, lugha yenye umbo maalumu la vitu viwili, tofauti na umoja na wingi: miteeni ni mia mbili, na elfeni ni elfu mbili. Wazee wa pwani bado wanayatumia maneno haya, na ningefurahi kuyasikia kwa vijana pia.

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo huko Nakuru. Katika tangazo la mkutano, je, niandike "biannual" au "biennial"?

JIBU: "Biannual" ni mara mbili kwa mwaka, "biennial" ni mara moja kila baada ya miaka miwili. Hata Waingereza wenyewe huyachanganya, na "biweekly" ni gumu zaidi kwa kuwa lina maana zote mbili, mara mbili kwa wiki na kila baada ya wiki mbili. Kama wanachama wako hukutana mara mbili kwa mwaka, andika "twice a year", kisha utaje miezi yenyewe.